Mawese Juu ya Meza ya Mainjeniya

Wewe unayesoma, nikuulize kwanza: kwenu mtu anaweza kwenda kuomba kitu kwa watu akiwa mikono mitupu, vidole vinaning'inia tu kama vya mtu anayesubiri rangi ya kucha ikauke? Kwetu hapa Rumonge, kando ya ziwa, haiwezekani. Ukienda kuomba moto kwa jirani, unabeba kijiti cha kuni. Ukienda kuomba mke, unabeba pombe. Hata ukienda kuomba msamaha unabeba kitu, na siku hiyo ndiyo mzigo huwa mzito zaidi. Mama yangu alinilea hivyo hata kule Mishamo, Tanzania, tulikoishi ukimbizini hadi nikamaliza shule ya msingi, ingawa kule wakati mwingine cha kubeba kilikuwa viazi viwili tu ndani ya kitambaa.

Kwa hiyo mjukuu wangu Eliana alipoitwa kwenda kuulizwa maswali kwenye kampuni ya kuran, mimi niliwaza mawese.

Kuran ni umeme, ndivyo tunavyouita hapa. Na Eliana ni binti wa mwanangu Lameki. Mama yake alitangulia mbele ya Mungu mapema, baba yake yuko Kigoma anajengea watu nyumba, basi mtoto alikulia mikononi mwangu tangu alipokuwa anang'oa meno ya utoto. Sasa anasoma Bujumbura mambo ya mashine na umeme. Alikuwa amefika mwisho wa masomo, amebakiza staji, yaani kwenda kukaa na wafanyakazi akajifunza kazi kwa mikono. Bila staji hakuna diploma, na anayeikosa anangoja mwaka mwingine mzima.

Kampuni ilikuwa na nafasi mbili. Ya kwanza ilikuwa hapa hapa mjini, ndani ya biro, yaani ofisi, kwenye kiti, na feni inazunguka juu ya kichwa. Ya pili ilikuwa kule juu milimani, mahali wanapofunga mto na kuyatia maji ndani ya mabomba makubwa ili yashuke yakazungushe mashine. Nilisikia kule ni baridi na tope, wanalala kwenye nyumba za mabati, wengi wao wanaume. Mimi nilikuwa nimekwisha kuchagua biro. Nilikuwa nimechagua hata bakuli nitakalompelekea chakula cha mchana, lile la bluu lenye kifuniko kinachobana.

Na Eliana mwenyewe alikuwa amechagua nini? Hilo sikumwuliza. Si kwa ubaya. Mtoto wangu huyu hajui kusema "nataka". Ukimwuliza atakula nini, anasema kilichopo. Ukimwuliza chai au uji, anasema chochote, Bibi. Wageni walikuwa wakimsifu, "Mama Lameki, umelea," na mimi nazipokea sifa zile kwa mikono miwili, kama sahani ya moto.

Jioni ya kuamkia siku yenyewe, jirani yangu Kabibi aliingia. Kabibi ametoka upande wa Uvira, ng'ambo ya ziwa, anauza samaki, ndagala na mukeke, pale pwani, na sauti yake hufika kabla ya miguu.

"Hodi, Mama Lameki. Iko chumvi?"

"Iko. Karibu."

Hakuichukua chumvi. Alikiona kibidoni cha mawese pembeni ya mlango. Kilikuwa kidumu kidogo cha njano, nimekisugua kwa mchanga na majivu mpaka kikasahau kilichokuwamo zamani. Mawese yenyewe yalikuwa ya mkamuo wa kwanza. Ngazi, yaani matunda ya michikichi, niliziteua mwenyewe, nikachemsha, nikasimama karibu na mashine pale Kizuka mpaka wakakamua zangu peke yake, zisichanganywe na za watu. Nikayachuja mara ya kwanza, yakapoa, nikayachuja tena. Mawese ya namna ile ukiyamimina hayana haraka, na wekundu wake unaweza kuutazama kama unavyotazama kitambaa kizuri dukani.

"Hii inaenda wapi?" Kabibi akauliza.

"Kwa watu wa kuran."

"Unataka kuwapakaa mafuta wateleze?"

"Simpaki mtu mafuta. Sitaki tu mtoto wangu aingie kwa watu kama mwizi, mikono mitupu."

"Lakini ni kweli, mwizi anaingiaka mikono mitupu," Kabibi akasema, akajikalisha kwenye mkeka. "Ni kutoka ndiyo anatokaka na vitu." Kisha akamgeukia Eliana, aliyeingia wakati huo huo kutoka uani na pasi ya makaa, akaanza kunyoosha blauzi yake nyeupe. "Na wewe, mutoto, unataka wakuweke wapi? Ku biro ao kule juu?"

Eliana alinitazama mimi, kisha akaitazama pasi.

"Popote watakaponiweka, Mama Kabibi."

"Popote ni wapi? Iko na barabara?"

"Mwache," nikamwambia. "Amelelewa."

"Nimeona. Samaki pia wamelelewa, hawasemaka kitu. Na unaona pahali wanamalizikia." Akaonyesha kwa kidevu upande wa kwake, ambako kikaango kilikuwa kinanukia.

Eliana alicheka mpaka akainua pasi hewani asiunguze blauzi. Mimi pia nilicheka. Kabibi ni mtu wa kuchekesha, na ukicheka sana huwezi kusikia vizuri.

Asubuhi tulikwenda kwa baiskeli za kukodi, kwa sababu esansi ilikuwa imeadimika tena na pikipiki zimelala. Mimi nilipanda nyuma ya moja, kibidoni mapajani, na Eliana nyuma ya nyingine, ameshika jalada lake la karatasi kifuani. Tulipofika daraja la Dama nikasikia anamwambia kijana wa baiskeli apunguze mwendo. Mvua ilikuwa imenyesha juu, mto umejaa, rangi yake ya chai ya maziwa, unabeba migomba mizima kama mtu anayehama. Eliana aliinamia upande wa maji.

"Usitazame chini, utapata kizunguzungu," nikamwambia.

"Ndiyo, Bibi," akasema, na akaendelea kutazama.

Daraja lile alilipenda tangu akiwa mdogo. Nikimtuma sokoni msimu wa mvua, mchicha unarudi umenyauka. Alipofika umri wa wasichana nikaanza kuwaza kuna mvulana pale. Siku moja nilijifunga kitenge, nikamfuata kimyakimya. Sikukuta mvulana. Nilimkuta mzee mmoja anaosha baiskeli, na Eliana ameegemea ukuta wa daraja, anatupa majani makavu upande huu na kukimbia kuyangoja upande wa pili. Nilirudi nyumbani nimefurahi. Nilisema, huyu hana neno, anacheza tu.

Biro ya kampuni iko ndani ya ua wenye maua, na mlangoni kulikuwa na mlinzi, mzee wa makamo, jina lake Karoli. Alitusalimu kwa heshima, "Amahoro, mukecuru," yaani amani, bibi, akanipa kiti chake mwenyewe, na hapo nikajua nimekutana na mtu wa watu. Alikuwa wa Muhuta, si mbali na kwetu. Tulipomaliza kuulizana habari za mvua, mihogo na watoto, Eliana akaitwa ndani. Aliposimama nilimlainisha ukosi wa blauzi.

"Ujibu vizuri," nikamwambia. "Wasikuone una tamaa."

"Ndiyo, Bibi."

Mlango ukafungwa. Jua lilikuwa limeanza kukigusa kibidoni changu, na mawese ya kuchuja mara mbili hayapendi jua. Nikamwomba Karoli anitafutie kivuli.

"Ni ya nani?" akauliza.

"Ni ya wenyeji. Ni Eliana, mjukuu wangu, anawaletea."

Mimi nilitaka kivuli tu. Mpango wangu ulikuwa kungoja hadi mwisho, watoke, niwakabidhi kwa maneno yanayostahili. Lakini Karoli naye alilelewa. Mtu wa Muhuta anajua kwamba kitu kilicholetewa wenyeji hakiwekwi getini kama mwavuli. Alikibeba kwa mikono miwili, akabisha mlango, akaingia. Nikasikia sauti yake ndani, ya heshima kabisa, ikisema, "Samahani wakubwa, hii Eliana amewaletea."

Karoli alitoka anatabasamu, akafunga mlango taratibu, akaniinamishia kichwa kama mtu aliyemaliza kazi ya ndugu yake. Haukupita muda mrefu, mlango ukafunguka tena. Akatoka bwana mmoja mrefu mwenye miwani. "Nani ni bibi ya Eliana?"

Niliingia nikidhani naitwa kushukuriwa.

Chumba kilikuwa kidogo. Nyuma ya meza alikaa mama mmoja, si mkubwa kuliko Lameki wangu, amesuka nywele kwa nyuma, miguuni viatu vizito vya kazi. Huyo alikuwa Injeniya Agata, mkubwa wao. Bwana mwenye miwani aliitwa Msye Lukeba, yaani Bwana Lukeba, akakaa pembeni yake. Eliana alikuwa amesimama mbele yao, macho chini. Na katikati ya meza, juu ya karatasi zao, kilikaa kibidoni changu cha njano, na chini yake kilikuwa kimeacha duara jekundu, zuri sana, juu ya karatasi nyeupe.

"Mama," Lukeba akasema, na sauti yake haikuwa ya ukali, ndiyo maana niliogopa. "Kampuni iko na sheria. Mutu akileta zawadi siku ya kuulizwa, jina lake linatoka. Hatumuulize tena kitu."

Karoli hakuwa na kosa, mawese hayakuwa na kosa. Nilimtazama Eliana. Angeweza kusema, si mimi, ni Bibi, mimi sikujua. Ilikuwa kweli tupu, kwa sababu njiani nilimwambia kibidoni ni cha rafiki yangu wa kanisani, nisimtie wasiwasi. Neno moja tu lingemwokoa. Hakulisema. Alisogea hatua ndogo, akanishika kiwiko ili nikae.

"Mwanangu," nikamwambia yule Injeniya, "huyu hajui habari za kibidoni hiki. Ni mimi. Na sikuleta ili mnipe kitu. Nimeleta kwa sababu nimekuja kwenu."

"Nimekuelewa, mukecuru," Injeniya Agata akasema. "Mimi ni wa Gitega. Mama yangu angeleta jogoo, na jogoo angewika hapa mezani." Akamgeukia mwenzake. "Msye Lukeba, sheria inamhusu mtu tunayemwuliza maswali. Huyu mukecuru tumemwuliza swali gani?"

"Sasa hivi tumemuuliza."

"Tumemwuliza kama ni bibi wa Eliana. Amejibu vizuri."

Lukeba alivua miwani, akaifuta, na nikaona mdomo wake unakataa kucheka. Lakini Injeniya hakucheka.

"Mafuta yanatoka humu," akasema. "Yanarudi na wewe nyumbani. Sijayakataa, mukecuru, nisikilize vizuri. Siku majina yakitoka, yakiwa na la Eliana au yasiwe nalo, mimi nitakuja kwako kama mgeni, na chumvi mkononi. Hapo utanipikia ukitaka. Leo hapana."

Nikapumua. Ungekuwa wewe ungekaa kimya, ukashukuru, ukabeba kibidoni chako. Lakini mimi nilikuwa nimekaa kwenye kiti, watu wamenyamaza, wananitazama, na kwetu watu wakikutazama hivyo ujue wanangoja hotuba. Nilisimama, nikafunga kitenge vizuri, nikaanza kama msemaji wa upande wa wanaoomba.

"Wakubwa, sisi tumetoka kwetu, tumeona moshi wenu kwa mbali, tukasema penye moshi pana moto, twende tukaombe kaa moja tu la kuwashia. Mtoto wetu ni mtulivu, haibi, hasengenyi, ana mwandiko mzuri. Mkimweka hapa biro ya Rumonge, hamtajuta. Mimi nitakuwa namletea chakula, hatawasumbua kwa njaa. Hana makuu. Popote mtakapo..."

"Ngoja hapo," Injeniya Agata akasema, taratibu. "Neno hilo 'popote'. Tumekwisha kulisikia leo." Akageuza karatasi yenye duara jekundu. "Mukecuru, huyu mtoto tumemwuliza habari za mashine, za maji, za nyaya, amejibu mpaka Msye Lukeba akasahau kuandika. Kisha nikamwuliza, wewe unataka nini hapa kwetu? Akasema popote. Nikamwuliza tena, unataka biro au mtambo? Popote. Nafasi mbili zinataka watu wawili wa namna mbili. Nimweke wapi mtu asiye na mahali? Kesho ataniharibikia, na hatasema hata kama anaumwa."

"Ni malezi," nikasema.

"Najua ni malezi. Na leo umekuja kumwombea wewe, kama kwenye kuposa, mwenye shughuli mwenyewe amekaa kimya kama mgonjwa wa jino."

Lukeba safari hii alicheka wazi. Mimi sikucheka, kwa sababu neno lile la kuposa lilinigonga mahali. Nilikumbuka mambo yanavyokwenda kweli siku ya kuposa. Ni kweli wazee wanasema, pombe inazunguka, binti amefichwa chumba cha ndani. Lakini kabla ya pombe kunywewa, shughuli yote inasimama. Shangazi anatumwa ndani kumwuliza binti, watu hawa unawajua, unawakubali? Na wazee wote pamoja na mvi zao wanangoja. Akisema hapana, pombe inarudi ilikotoka. Hotuba zote zile huwa zinazunguka jibu la mtu mmoja ambaye hata hajaonekana. Mimi nilikuwa nimefanya sehemu yote ya wazee, na ile ya shangazi nikairuka.

Na hapo hapo, sijui kwa nini, nikayaona yale majani makavu. Anayatupa upande huu wa daraja, anakimbia upande wa pili kuyangoja. Ni mchezo gani huo wa mtoto kucheza mpaka anaota matiti, mpaka anakwenda Bujumbura, na leo asubuhi, siku ya kuulizwa, bado anamwambia kijana wa baiskeli apunguze mwendo?

Yaliyofuata baadaye nitakwambia kwa ufupi, nisikuweke roho juu. Sasa hivi ninapoandika, mlangoni kwangu kuna viatu vya mpira virefu, vimejaa tope la milimani, tope jekundu lisilo la huku kwetu pwani. Mwenye viatu yuko ndani amelala, amekuja kwa wikendi, na mikono yake imeota sugu. Injeniya Agata alikuja kweli na chumvi yake, akala mukeke kwa mawese yale yale, akaomba aongezwe, na Kabibi akamwambia, "Mama Injeniya, kula, hapa hakuna sheria." Karoli ananisalimu hadi leo. Bakuli la bluu nalitumia kuwekea mayai. Yote hayo yametokana na neno moja lililosemwa mle chumbani, na nataka kumalizia hapo.

Niliacha kibidoni mezani. Nilizunguka kiti, nikaenda nikasimama karibu na Eliana, upande wa sikio, kama shangazi anavyosimama. Nilimshika mkono. Ulikuwa wa baridi.

"Mwanangu," nikamwambia, "watu hawa umewaona. Mimi nimesema mengi, na mengi yalikuwa ya kwangu. Nilitaka ukae karibu. Hilo ni la kwangu, wewe liache. Sasa nakuuliza wewe, na ukisema popote, nitakufinya mbele yao. Unataka nini?"

Eliana alinitazama. Alikuwa ananitafuta usoni, kama anavyofanya siku zote, aone jibu nililoliweka tayari. Nikafumba macho ili asilione.

Nilisikia feni inazunguka. Nilisikia Karoli akikohoa nje ya mlango, karibu mno, bila shaka sikio lake lilikuwa kwenye ubao. Kisha nikasikia sauti ya mjukuu wangu, kwanza ndogo, halafu ikapata njia yake.

"Nataka kule juu," Eliana akasema. "Bibi, unisamehe. Nataka mtambo wa maji. Nataka kusimama pale maji yanapoingia kwenye bomba, kisha nishuke mbio nikayangoje yanapotokea. Tangu darajani nilikuwa nataka."